Ubao wa Fyuzi, Siku ya Kumi na Nane

Siku ya kumi na nane ya mayai, Deodata aliweka kiganja ukutani chini ya ubao wa fyuzi, akakiondoa upesi. Ukuta ulikuwa wa moto kama ubavu wa chungu. Jana yake ulikuwa vuguvugu tu. Juzi yake ilikuwa harufu tu, ile ya plastiki iliyopitiwa na pasi, naye alijiambia inatoka jikoni kwa wifi yake.

Nyumba ile ya Rulenge ilijengwa kabla yeye hajazaliwa, kwa ajili ya watumishi wa misheni, na ubao wake ulikuwa wa zama hizo: kipande cha mbao ukutani, meni swichi ya chuma yenye mkono wa kuvuta juu na chini, na fyuzi sita za kaure nyeupe. Zamani kila fyuzi ilikuwa na kiwaya chembamba cha kukatika umeme unapozidi. Sasa ndani yake kulikuwa na nyaya nene zilizosokotwa, kazi ya mafundi wapita njia waliochoka kuitwa kila fyuzi ikikatika. Fyuzi ya namna hiyo haikuachi gizani. Inakungoja ulale, ndipo ikuunguze.

Na mashine ilikuwa chumba cha pili. Ilikuwa mashine ya kutotolea vifaranga, kabati la bati lililomzidi Deodata kimo, lenye dirisha la kioo mlangoni. Ndani mlikuwa na mayai mia nne themanini na sita, yale yaliyofaulu kumulikwa kwa tochi siku ya kumi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Vifaranga wangetoka Alhamisi, na Ijumaa angekuja Bonifasia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji wa Nyakahura, kuchukua vifaranga mia nne wa umri mmoja. Bonifasia alikuwa amesema wazi: akipata mia nne, kikundi kitachukua kwa Deodata mwezi hadi mwezi. Asipopata, kuna mtu Biharamulo mwenye mashine mbili.

Deodata hakurithi kitu. Alianza na sinia la mayai ya kuchemsha stendi ya Rulenge, chumvi na pilipili ndani ya karatasi. Kutoka kwenye sinia akapanda kwenye tenga: kununua kuku nyumba kwa nyumba huko Murusagamba, kuwafunga miguu na kuwapeleka gulio la Nyakahura. Huko ndiko alikojifunza kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, na kwamba silaha kubwa ya mnunuzi ni mgongo wake. Ukigeuka ukaondoka, muuzaji atakuita. Kwa miaka ishirini hakuna aliyemwacha afike mbali. Nyumba hii aliinunua kwa kuondoka mara tatu. Mashine aliipata kwa kuondoka mara mbili. Mumewe, aliyekuwa machimboni Geita, aliwahi kuwaambia watu kwamba hata posa mkewe aliipokea baada ya kuondoka mara moja.

Saa mbili asubuhi fundi Evaristi aliingia uani na pikipiki kutoka Nyakahura, kisanduku kipya kimefungwa nyuma kwa mipira. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye cheti cha ufundi na ovaroli safi. Aliusogelea ubao, akaunusa, akaacha kutabasamu.

"Mama, hiki kitu kimeshiba," alisema. "Ungesubiri wiki moja ningekuja kwenye matanga."

"Ndiyo maana nimekuita leo. Itachukua muda gani?"

"Saa saba."

"Saa tatu."

"Mama, hununui nyanya."

"Ningekuwa nanunua nyanya ningesema saa mbili. Njoo uone."

Akampeleka kwenye mashine, akamwonyesha kipimajoto cha kioo kilichoning'inia ndani ya dirisha. Thelathini na saba na nusu. Akamweleza kwamba kifaranga wa siku ya kumi na nane ana joto lake mwenyewe, akifungiwa atavumilia saa mbili, na kwa madumu ya maji ya moto labda nne. Baada ya hapo ni bahati, na bahati haijawahi kumpunguzia Deodata bei yoyote. Jenereta la kukodi lilikuwa Murusagamba harusini tangu Ijumaa. Umeme ukizimwa, umezimwa.

Evaristi alikuna kidevu. "Saa ya kwanza yote sikati kitu," alisema. "Nakagua. Napima kila waya, najua unakokwenda, naubandika alama. Halafu ndiyo nang'oa. Nyumba ya zamani huwezi kuiingia kama unaingia hotelini."

"Hizo nyaya zimekaa humo miaka sitini bila majina, na taa zinawaka."

"Zinawaka, ndiyo, lakini..."

"Fundi, wewe una cheti au huna?"

Evaristi alikuwa fundi mzuri mwenye udhaifu mmoja: hakupenda kuonekana mwoga mbele ya mteja. Deodata aliuona udhaifu huo mapema, kama anavyomwona kuku mwenye mafua ndani ya tenga la kuku thelathini, naye akaubonyeza hapohapo. Wakapatana saa nne. Laini ya mashine itaanza, vyumba vingine vitafuata, na ile saa ya kukagua na kubandika alama ikafutwa. Deodata aliingia jikoni amefurahi. Alikuwa amekata karibu nusu ya muda kwa maneno matupu.

"Saa nne," alimwambia wifi yake Priscila, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuwa amekwisha kuinjika masufuria matatu ya maji.

"Mimi nimezaa sita," alisema Priscila, "na hakuna hata mmoja niliyemchemshia maji mengi hivi."

Saa mbili na nusu Evaristi alishusha swichi iliyo chini ya mita, akapima kwa testa, akaashiria kwa kichwa kwamba pamekufa. Feni ya mashine ilipunguza mwendo, ikasimama. Nyumba ikawa kimya. Asubuhi za Julai Rulenge zina baridi ya kukaa mifupani, na Deodata alifunga madirisha ya chumba kile, akatundika blanketi mlangoni.

Kwa saa moja na nusu mambo yalikwenda kama yalivyopatanwa. Evaristi alikata nyaya zote kwenye ubao, akaung'oa, akauweka uani. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kama dari la jiko. Kisanduku cheupe kikapanda mahali pake, chenye nafasi ya sakiti breka nane, hizi zinazojizima zenyewe umeme ukizidi. Nyaya zilizokatwa zikawa zinaning'inia ukutani kama mizizi ya muhogo uliong'olewa. Akaanza kuziingiza moja moja. Ndipo alipoushika waya mkubwa, ule unaoleta umeme kutoka kwenye mita kupitia tundu la ukuta, akauvuta kidogo ili ufike kwenye kisanduku.

Mpira wake ulivunjika mkononi mwake. Haukuchanika, ulivunjika, vipande vikaanguka sakafuni kama biskuti, na shaba ikabaki uchi hadi ndani ya ukuta.

Evaristi aliokota kipande kimoja. Deodata aliyaona masikio yake yakibadilika rangi.

"Huu haurudi," alisema. "Nikiuwasha huu, ukuta wenyewe ndio utakuwa na moto."

"Weka mwingine."

"Sina. Huu ningeuona katika ile saa ya kukagua." Hakumtazama alipolisema hilo. "Na maduka ya hapa yana nyaya nyembamba tu. Waya wa unene huu uko Ngara mjini."

"Muda gani?"

"Saa tatu. Kwenda na kurudi."

"Mbili."

"Mama," alisema Evaristi akivaa kofia ya pikipiki, "barabara haipatani."

Ilikuwa saa nne na robo. Kipimajoto kilisoma thelathini na nne.

Wakaingiza madumu ya maji ya moto, yamefungwa vitenge, manne chini na mawili juu. Kila walipofungua mlango, joto walilolitafuta kwa madumu lilitoka lenyewe nje. Saa nne na nusu, thelathini na tatu. Saa tano kasoro robo, thelathini na mbili. Deodata alilisogeza sikio kwenye kioo. Jana yake, alipoyalaza mayai kwenye trei za mwisho, alilisikia moja likigota kwa ndani, kwa kiburi cha mtu anayebisha hodi kwake. Sasa hakusikia kitu.

Priscila alifuta mikono kwenye kanga. "Wifi, umeme upo. Upo hatua thelathini kutoka hapa."

"Najua ulipo."

"Basi miguu unayo."

Ulikuwa kwa mzee Marcel, jirani wa nyuma, nyumba ya watumishi kama hii, nyumba pekee yenye umeme upande ule. Miaka miwili nyuma, Deodata aliponunua, kulikuwa na njia inayokatiza uani mwake, ambayo mzee Marcel alipita kutoka migombani kwake hadi barabarani. Deodata alileta mpimaji, akapata mipaka yake, akaizungushia senyenge nyuzi tano na kupanda michongoma. Shauri lilifika ofisi ya kata na Deodata akashinda kwa karatasi. Tangu hapo mzee alikuwa akizunguka robo saa na mkungu wa ndizi begani, na walipokutana waliamkiana kama watu wanaolipishwa kwa kila neno.

Deodata naye alizunguka robo saa. Kupenya hakukuwa na mahali. Ile senyenge aliifunga mwenyewe, na aliifunga vizuri.

Mzee Marcel alikuwa barazani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepitia wapi?"

"Nimezunguka."

"Ni mbali, siyo?" Akamenya ndizi nyingine. "Nimeona pikipiki imetoka mbio. Nikasema Mama Vifaranga leo kapatikana."

Deodata alisema shida yake kwa maneno machache. Alihitaji umeme wa mashine tu, nusu ya ule unaoliwa na pasi, kwa saa chache. Atalipia.

"Sitaki kulipwa," alisema mzee Marcel. "Nataka njia."

"Njia ya mguu. Futi tatu. Nitaifungua wiki hii."

"Njia ya gari. Futi kumi. Leo."

"Gari lako liko wapi, mzee?"

"Nina miaka sabini na minne. Siku moja nitatoka hapa nimelala, na ninataka gari linifuate mlangoni."

"Waliolala hubebwa mabegani. Mabega hayahitaji futi kumi."

Kidogo mzee acheke. "Futi saba," alisema. "Toroli ipite, na mbebaji pembeni. Chini ya hapo umekuja kunisalimia tu, na salamu nimeipokea."

Deodata alipiga hesabu. Futi saba kwa urefu wa ua ule ni banda zima la kuku ambalo lingeweza kusimama pale. Futi nne zingemtosha mzee. Tano zingemtosha kabisa. Na hapo miguu yake ikafanya kile ilichozoea kwa miaka ishirini. Alisema, "Basi mzee, tutaonana," akageuka, akaondoka.

Alitembea polepole, kama inavyotakiwa. Alifika kwenye mgomba wa kwanza, hakuitwa. Alifika kwenye kona, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake vilikuwa kandambili. Nyuma yake alisikia ndizi ikidondoka kwenye beseni, kisha nyingine. Akaendelea. Alikuwa amefika barabarani alipotambua jambo ambalo gulio halikuwahi kumfundisha: muuzaji humwita mteja kwa sababu anataka kuuza. Mzee Marcel hakuwa anauza kitu. Alikuwa amekaa miaka miwili bila ile njia, angeweza kukaa wa tatu.

Angegeuka pale pale, mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu aliyeondoka mara nyingi hawezi kurudi kirahisi. Aliona afike kwanza kwake, aone kipimajoto, pengine madumu yamesaidia. Akamaliza robo saa yake yote.

Priscila alikuwa mbele ya kioo, na hakuwa na utani. "Ishirini na nane," alisema. "Uko wapi umeme?"

Deodata alichukua roli la ekstensheni la Evaristi, akalitia kwapani, akazunguka tena, safari hii akikimbia. Mama mzima wa miaka arobaini na mitatu, akipita mbele ya watu waliokuwa wakitoka dukani, na mtu mmoja akauliza kama kuna moto.

"Saba," alisema alipofika, kabla ya pumzi kurudi.

Mzee Marcel alinyanyuka, akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na koleo. Akaenda moja kwa moja kwenye senyenge, akapima futi saba kwa nyayo zake akiwa na viatu, akakata nyuzi tano upande mmoja na nyuzi tano upande mwingine. Michongoma akaikanyaga. Deodata alipita humo na waya, hatua thelathini, hadi dirisha la mashine.

Saa sita kasoro dakika tano feni ilizunguka. Kipimajoto kilisoma ishirini na saba. Kilichukua dakika arobaini kupanda hadi mahali pake, na kwa dakika zote hizo hakuna aliyekaa.

Evaristi alirudi saa saba na nusu, vumbi hadi kwenye nyusi, na waya mnene umezungushwa kifuani kama mkanda wa risasi. Aliuona waya wa mzee Marcel unaopita dirishani, akaona feni inazunguka, akapumua. Akafanya kazi kwa kasi ya mtu mwenye deni la dakika. Waya mkubwa ukaingia. Laini ya mashine ikaingia, ya jikoni ikaingia, ya vyumba ikaingia. Mzee Marcel, aliyepewa kiti ili alinde ekstensheni yake isikanyagwe, alikuwa akimtazama. Miaka ile ya misheni alifanya kazi na bruda mmoja wa Kizungu kwa miaka kumi na mmoja, akibeba ngazi na kuvuta nyaya ndani ya nyumba hizihizi.

"Tayari," alisema Evaristi karibu saa tisa. "Mama, chomoa mashine kwa mzee, uichomeke kwenye soketi yake. Mimi napandisha."

Deodata aliweka mkono mmoja kwenye plagi na mwingine kwenye bati la mashine, ili isisogee. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya madumu. Alikuwa peku.

"Ngoja," alisema mzee Marcel. "Fundi. Huo mwekundu umeupeleka wapi?"

"Kwenye breka, mzee."

"Kwa nini?"

"Mwekundu ndio waya wa moto. Mweusi unarudisha. Hilo hata mtoto wa darasa la saba analijua."

"Na huo wa kijivu?"

"Wa ardhi. Si umebaki huo?"

Mzee Marcel alisimama. "Bruda alileta maroli ya nyaya kutoka kwao. Kwenye hizo mweusi ndio moto. Wa kijivu unarudisha. Mwekundu ni wa ardhi, unaoshika bati. Alinipiga kofi siku moja nilipochanganya, ndiyo maana sisahau."

"Mzee, mimi nimesoma..."

"Najua umesoma. Vyumba viwili vya nyuma viliongezwa baadaye, fundi wa mjini alitumia nyaya za hapa. Huko utapatia. Chumba hiki ni cha bruda. Mama, toa mkono kwenye hilo bati."

Deodata aliutoa. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

Evaristi hakubisha tena, na hilo ndilo lililomwogopesha Deodata kuliko maneno. Alimwambia kila mtu asimame mlangoni. Akapandisha breka moja, ya chumba kile. Akachukua testa, akaichomeka kwenye tundu la juu la soketi, lile refu linalopokea mguu wa ardhi, ambalo kamwe halitakiwi kuwa na moto.

Testa ikawaka.

Akaizima breka. Akakaa sakafuni, kwenye maji, na ovaroli yake safi. "Ningepima," alisema. "Ningepima kabla ya kuondoka."

"Baada ya nani kushika?" aliuliza mzee Marcel, bila ukali.

Deodata alikuwa akiangalia lile bati. Mashine ile aliifungua mara kumi kwa siku, peku, mikono ikiwa na maji ya trei. Wifi yake vilevile. Alimgeukia mzee. "Ulikuwa unajua tangu asubuhi nilipokuja kwako. Ukanyamaza."

"Hukuja kuniuliza nyaya. Ulikuja na bei."

"Na hili je? Bei yake nini?"

Mzee Marcel alifikiri kidogo. "Hili halina. Ukifa leo nyumba itakwenda kwa warithi, na warithi hawajui habari ya futi saba."

Priscila ndiye aliyecheka, peke yake, na kicheko kikageuka kuwa kikohozi.

Saa ile moja iliyokatwa asubuhi ililipwa kuanzia saa tisa hadi jua kuzama, na ililipwa na riba. Evaristi alitoa kila waya aliokwisha kuuingiza. Alifungua kila soketi, akapima kutoka kisandukuni hadi ukutani, waya kwa waya, mzee Marcel akitaja chumba kipi ni cha bruda na kipi cha baadaye, na penye mashaka wakapima mara mbili. Kila waya ukabandikwa plasta nyeupe yenye maandishi ya kalamu: moto, unaorudi, ardhi, na jina la chumba. Laini moja ya sebuleni iliyokuwa imeungwa nusu kwa nusu ndani ya lipu ya ukuta waliikata kabisa, ikaachwa bila umeme mpaka ivutwe upya. Deodata hakuuliza itachukua muda gani. Alishika tochi.

Mashine ililala na umeme wa mzee Marcel. Asubuhi ya Jumanne Evaristi alipima tena mwanzo hadi mwisho, ndipo plagi ya mashine ikahamia kwenye soketi ya Deodata. Ukuta ulikuwa wa baridi.

Jumatano usiku kifaranga wa kwanza alitoboa. Alhamisi walitoka kwa mafungu, wamelowa, wakijikokota juu ya maganda, na kufikia jioni chumba kilikuwa na kelele za soko. Deodata alingoja mpaka Ijumaa alfajiri kuwapa muda wachelewaji, akahesabu, akahesabu tena kwa kuwahamisha sanduku hadi sanduku.

Mia tatu sabini na mmoja.

Trei zilibaki na mayai mia moja na kumi na matano. Priscila alitaka kuyazika migombani kama kawaida. Deodata alimzuia. Alikaa uani na beseni na kisu kidogo, akaanza kuyapasua moja moja. Ni kazi chafu, ila yai lililokataa husema lilikufa lini. Yaliyokuwa na damu kidogo tu yalikufa wiki ya kwanza, yakaiponyoka tochi ya siku ya kumi, na kosa ni la kuku wenyewe. Yaliyokuwa na kiinitete kama panya uchi, wiki ya pili, nayo si kosa la mtu. Hayo aliyatupa kwenye beseni. Lakini lilipotoka lenye kifaranga kamili, manyoya yote, mdomo umeelekezwa kwenye chumba cha hewa, tayari kugota, alilipanga kwenye ubao mbele yake. Aliendelea hadi jua likapanda. Kwenye beseni, hamsini na mawili. Kwenye ubao, sitini na watatu, katika safu za kumi kumi, na watatu pembeni.

Hivyo ndivyo Bonifasia alivyomkuta aliposhuka kwenye gari na masanduku yake ya karatasi yenye matundu. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kudanganywa na kila aina ya muuza kuku kutoka Biharamulo hadi mpakani.

"Wangapi?" aliuliza baada ya salamu.

"Mia tatu sabini na mmoja."

"Tulisema mia nne."

"Tulisema."

Bonifasia alitazama ubao. "Na hawa?"

"Hao walikuwa wazima Jumatatu asubuhi."

"Umeme wa hapa ulikatika?"

Neno lilikuwa limeletwa mlangoni kwake, tayari limefungwa, na lilikuwa jepesi. Umeme hukatika kila mahali, nani angebisha. Deodata aliweka kisu chini.

"Niliuzima mwenyewe kubadilisha ubao wa fyuzi. Fundi aliomba saa moja ya kukagua, nikaikata. Jirani aliomba njia, nikaondoka ili aniite, hakuniita. Mashine ilifika ishirini na saba. Wangapi ni wa saa ile na wangapi ni wa ile safari ya kuondoka, siwezi kukugawia."

Bonifasia aliinama, akaokota mmoja, akampindua kwa kidole, akaona mdomo, akamrudisha kwenye safu yake.

"Yule wa Biharamulo hupeleka waliokufa shimoni kabla hatujafika," alisema. "Kila mara ni umeme." Akajifuta kidole kwenye jani. "Nitachukua hao mia tatu sabini na mmoja. Ishirini na tisa utaniongezea kwenye toleo lijalo, na toleo lijalo, kuanzia siku ya kumi na saba, mtu wangu atalala hapa. Atakaa mbele ya kipimajoto. Wewe utamlisha."

Mtu wa kulishwa siku tano, na kuangaliwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Deodata alifungua kinywa. Siku tatu zingetosha. Siku mbili. Na chakula ajitegemee. Priscila, aliyekuwa amesimama na sanduku tupu mikononi, alimwona, akatazama pembeni.

"Anakula nini?" aliuliza Deodata.

"Chochote. Ila si mayai."

Wakaanza kupakia, hamsini kwa kila sanduku, wakihesabu kwa sauti, mmoja akitaja na mwingine akirudia.